Rajat Neogy: mhariri wa Kampala aliyefungwa Luzira kwa sababu ya barua iliyochapishwa katika jarida lake

Kati ya toleo namba 37 na toleo namba 38 la jarida la Transition kuna pengo la zaidi ya miaka miwili. La kwanza kati ya hayo lilitoka Kampala, Uganda, Oktoba 1968. La pili lilitoka Accra, Ghana, mwaka 1971. Mkusanyaji wa majarida ya zamani anayeyapanga kwenye rafu kwa kufuata namba haoni kasoro yoyote, kwa kuwa hesabu haikurukwa. Ni mpaka ayafungue, asome tarehe na jina la mji, ndipo anapotambua kwamba katikati ya namba hizo mbili kuna jambo zito lililotokea.

Jambo hilo lilimpata mwanzilishi na mhariri wa jarida, Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, aliyeingia gereza la Luzira siku chache tu baada ya toleo la 37 kufika mikononi mwa wasomaji.

Wanaokusanya majarida ya zamani ya Marekani, kama vile Life, Saturday Evening Post au National Geographic, wana kazi nyepesi kwa kiasi fulani. Yalichapishwa kwa mamilioni, yakahifadhiwa darini na katika vyumba vya chini vya nyumba, na mpaka leo huuzwa kwa mafungu. Transition ya Kampala ni habari nyingine. Hata katika kilele chake, jarida hilo lilichapisha takriban nakala 12,000 tu, na nyingi zilisambaa nje ya Uganda. Nchi lilikotoka ilipitia baadaye kufukuzwa kwa watu, vita na uporaji, na katika misukosuko ya namna hiyo karatasi ni kitu cha kwanza kuachwa nyuma. Ndiyo maana matoleo ya awali, hasa yale ya 1961 na 1962, huonekana kwa nadra.

Kuyasoma kwa mfululizo ni sawa na kusoma wasifu wa mtu mmoja.

Mtoto wa Kampala

Rajat Neogy alizaliwa Kampala Desemba 1938, katika familia ya Kihindi yenye asili ya Bengal. Hilo peke yake lilimweka pembeni kidogo. Wahindi wengi wa Uganda walikuwa na asili ya Gujarat, wakijulikana kwa maduka, viwanda vya kuchambua pamba na mashamba ya miwa, huku Wagoa wakijaza nafasi za ukarani serikalini. Wabengali walikuwa wachache. Kampala ya utoto wake ilikuwa mji wa kikoloni uliogawanyika kwa rangi: Wazungu juu ya kilima cha Nakasero, Wahindi katika mitaa ya biashara chini yake, na Waafrika wengi katika viunga vya Kibuga, kando ya makao ya Kabaka huko Mengo. Watoto walisoma katika shule zilizotengwa kwa misingi hiyohiyo.

Kama vijana wengi wa wakati wake waliopata nafasi, alikwenda London kwa masomo. Aliporejea nyumbani alikuta nchi ikihesabu siku kuelekea uhuru. Makerere, chuo kilichokuwa kikiwapokea wanafunzi kutoka Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda yenyewe, kilikuwa kimejaa vijana waliokuwa wakiandika mashairi, hadithi na michezo ya kuigiza. Walichokosa ni mahali pa kuchapisha. Kulikuwa na jarida la wanafunzi wa idara ya Kiingereza, na mbali kule Ibadan, Nigeria, kulikuwa na Black Orpheus, lililoanza mwaka 1957. Afrika Mashariki haikuwa na jarida lake la aina hiyo.

Novemba 1961 Neogy alitoa toleo la kwanza la Transition. Alikuwa na umri wa miaka 22. Uganda ilikuwa bado miezi 11 kabla ya kupandisha bendera yake, na jina la jarida, lenye maana ya kipindi cha mpito, lilieleza waziwazi nia yake: kuandika habari za watu wanaovuka kutoka zama moja kwenda nyingine, kabla hawajafika ng'ambo.

Lilikuwa jarida la fasihi na siasa kwa pamoja, na mchanganyiko huo haukuwa wa kawaida. Katika kurasa zilezile msomaji angekuta shairi, hadithi fupi, uchambuzi wa katiba na mabishano makali kuhusu chama kimoja. Mwanafunzi mmoja wa Makerere aliyeitwa wakati huo James Ngugi, ambaye dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alichapisha humo hadithi yake fupi kuhusu mtu anayerudi nyumbani kutoka kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Ilikuwa katika toleo la tatu, mwaka 1962. Nakala ya toleo hilo ni miongoni mwa zile ambazo mkusanyaji yeyote wa fasihi ya Afrika angeifurahia.

Juni 1962

Shauku ya mhariri haikutosha kulipa kiwanda cha uchapishaji. Ndani ya mwaka wa kwanza jarida lilikuwa na madeni, na lingeweza kufa kama yalivyokufa majarida mengi ya vijana. Lililoliokoa ni mkutano.

Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na John Pepper Clark kutoka Nigeria; Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane wa Afrika Kusini; Ngugi, Grace Ogot na Rebecca Njau wa Kenya; na mshairi Mmarekani mweusi Langston Hughes. Mkutano huo uligharimiwa na taasisi yenye makao yake Paris, iliyojulikana kama Kongamano la Uhuru wa Utamaduni, na Mphahlele ndiye aliyesimamia shughuli zake za Afrika. Kupitia mlango huo Transition ilianza kupata ruzuku. Fedha hizo zilikuja na mkia, lakini mkia huo haukuonekana kwa miaka kadhaa.

Mwezi huohuo wa Juni 1962 alifariki Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa karne hiyo. Hakualikwa Makerere. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza, na mtu aliyeandika vitabu vingi kwa lugha inayosemwa kuanzia Lamu hadi Kisangani hakuwa na kiti. Ngũgĩ ndiye aliyekuja kulikumbusha jambo hili miaka mingi baadaye, alipokuwa ameamua kuandika kwa Kikuyu.

Ni haki kusema kwamba Neogy, ambaye jarida lake pia lilikuwa la Kiingereza, hakuukwepa ubishi huo. Mwaka 1963, katika toleo la 10, alichapisha makala ya Mnigeria Obi Wali iliyodai kwamba fasihi ya Afrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya imefika mwisho wa njia isiyotokea popote. Waandishi walewale waliokusanyika Makerere walishambuliwa katika jarida lililowapenda. Barua zilimiminika toleo baada ya toleo. Mwaka 1965, katika toleo la 18, Achebe naye alichapisha hoja yake ya kuitetea haki ya Mwafrika kukitumia Kiingereza na kukigeuza kiendane na mazingira yake. Mjadala kuhusu lugha ambao bado unaendelea vyuoni, misikitini, makanisani na hata majumbani mwa Waswahili walio ughaibuni, ulipata moto wake wa kwanza katika karatasi za Kampala.

Jarida la ugomvi

Mtu anayefungua toleo la zamani la Transition leo huenda akaanza na majina makubwa, lakini utamu halisi uko katika barua za wasomaji. Neogy aliamini katika ugomvi wa hoja. Alizichapisha barua za matusi pamoja na za sifa, ndefu na fupi, kutoka kwa mawaziri, wanafunzi, wamishonari na walimu wa vijijini. Makala moja ingeweza kujibiwa katika matoleo matatu au manne yaliyofuata, na aliyejibu naye akajibiwa.

Aliyejua zaidi kuwasha moto huo alikuwa kijana wa Mombasa, Ali Mazrui, aliyekuwa akifundisha sayansi ya siasa Makerere. Mwaka 1966, miezi michache tu baada ya Kwame Nkrumah kupinduliwa nchini Ghana, Mazrui aliandika katika toleo la 26 kwamba Nkrumah alijaribu kuwa Lenin wa Afrika na wakati huohuo kuishi kama mfalme wa Urusi ya kale. Kwa vijana waliomwona Nkrumah kuwa baba wa bara zima, ilikuwa kama kufuru. Mwaka uliofuata Mazrui aligeukia Tanzania. Alibuni neno la kuwatania wasomi wa Magharibi na wa Afrika waliopatwa na kile alichokiona kama homa ya kuipenda nchi ya Julius Nyerere kiasi cha kutoona kasoro zake. Alifanya hivyo katika mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na si vigumu kufikiria jinsi makala hiyo ilivyosomwa Dar es Salaam.

Mwingine alikuwa Mmarekani Paul Theroux, mwalimu kijana wa Makerere aliyekuwa bado hajawa mwandishi maarufu wa safari. Mwaka 1967 aliwadhihaki Wazungu wanaoishi Afrika Mashariki kwa kuwafananisha na Tarzan, kila mmoja akijiona bwana wa msitu kwa sababu tu ya rangi ya ngozi yake. Wazungu wa Nairobi na Kampala walikasirika. Katika toleo lililofuata aliandika kuhusu chuki dhidi ya Wahindi, akieleza kwamba Waafrika na Wazungu, wasiokubaliana katika jambo lolote jingine, walikuwa wamekubaliana katika hilo. Mhariri aliyeipokea makala hiyo na kuipeleka kiwandani alikuwa mwenyewe Mhindi wa Kampala. Mwaka huo bado ilionekana kuwa suala la mabishano tu.

Kutoka Nigeria, mshairi Christopher Okigbo alikuwa mhariri wa jarida kwa upande wa Afrika Magharibi, na baadhi ya mashairi yake muhimu yalichapishwa kwanza Kampala. Mwaka 1967 Okigbo aliuawa akipigana upande wa Biafra. Hakuwa ametimiza miaka 40.

Fedha za nani?

Aprili 1966 gazeti la New York Times liliandika kwamba Kongamano la Uhuru wa Utamaduni lilikuwa likipokea fedha za siri kutoka Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA. Habari hiyo ilikanushwa, ikafifia, kisha ikarudi kwa nguvu mwanzoni mwa 1967 kupitia jarida la Ramparts la California.

Hapa ndipo rafu ya majarida ya Marekani na rafu ya Kampala zinapokutana. Mkusanyaji mwenye toleo la Saturday Evening Post la tarehe 20 Mei 1967, jarida la kifamilia lililojulikana zaidi kwa michoro ya Norman Rockwell na hadithi za kusomwa sebuleni, ana mkononi ungamo lililomaliza ubishi wote. Humo Thomas Braden, aliyewahi kuongoza idara ya CIA iliyoshughulikia mashirika ya kimataifa, alikiri kwamba fedha zilitoka huko, na kwamba walikuwa na mtu wao ndani ya Kongamano na mwingine katika uhariri wa jarida la Encounter la London. Hakuona aibu, aliona fahari. Vita baridi, kwa maoni yake, vilihitaji silaha za namna hiyo pia.

Mjini London mshairi Stephen Spender alijiuzulu uhariri wa Encounter. Mjini Kampala Neogy alikuwa na tatizo zito zaidi. Jarida lake lilijijengea jina kwa kutomwogopa mtu yeyote, na sasa kila aliyewahi kuumizwa na makala zake alikuwa na jibu rahisi. Serikali changa za Afrika zilizoanza kuchoshwa na ukosoaji hazikuhitaji tena kujibu hoja. Zilitosheka kunyoosha kidole kwa aliyelipa.

Neogy hakujificha. Alikubali kuhojiwa kuhusu suala hilo na akayachapisha mahojiano hayo katika jarida lake mwenyewe, toleo la 32, ambamo alishikilia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwelekeza achapishe nini au aache nini. Ushahidi wa kurasa zenyewe unamuunga mkono kwa kiasi kikubwa: ni vigumu kuyasoma matoleo hayo na kuona msimamo wa serikali yoyote ya kigeni ndani yake. Hata hivyo swali halikuwa hilo tu. Wasomaji walikuwa wameamini kwamba wanabishana katika baraza lao wenyewe, na sasa waliambiwa kwamba mkeka waliokalia ulinunuliwa na mtu asiyejulikana. Uaminifu wa aina hiyo ukishapasuka, mahojiano hayauungi. Kongamano lilibadili jina na kuanza kutegemea wakfu wa Ford, na jarida likaendelea.

Barua ya Abu Mayanja

Wakati huo Uganda yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote alisimamisha katiba ya uhuru, jeshi likaushambulia mji wa Mengo, na Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza. Hali ya hatari ilitangazwa Buganda. Mwaka 1967 ilitungwa katiba mpya iliyofuta falme na kuweka madaraka makubwa mikononi mwa rais.

Mapendekezo ya katiba hiyo yalijadiliwa hadharani, na sehemu mojawapo ilikuwa Transition. Abu Mayanja, mwanasheria, mbunge, na mtu aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Uganda National Congress mwaka 1952, aliyakosoa vikali. Picho Ali, kijana aliyekuwa karibu na serikali, aliitetea katiba hiyo na baadaye akaandika kwamba majaji wanapaswa kufuata itikadi ya chama tawala. Mayanja alimjibu kwa barua, iliyochapishwa katika toleo la 37. Humo aligusia pia uvumi kuhusu kucheleweshwa kwa uteuzi wa majaji Waafrika katika mahakama kuu, na suala la ukabila ambalo kila mtu mjini alilizungumza kwa sauti ya chini.

Tarehe 18 Oktoba 1968 Mayanja na Neogy walikamatwa. Mwandishi wa barua na mhariri aliyeichapisha walipelekwa Luzira, gereza kuu lililo kando ya Ziwa Victoria, mashariki mwa Kampala.

Walishtakiwa kwa uchochezi. Kesi ilisikilizwa mwanzoni mwa 1969 na hakimu akawaachia huru. Hawakwenda nyumbani. Walikamatwa tena papo hapo kwa kutumia sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuhitaji hakimu wala ushahidi. Kwa mtu aliyekuwa amechapisha makala nyingi kuhusu uhuru wa mahakama, hilo lilikuwa jibu bila maneno.

Neogy alitolewa Machi 1969. Mayanja alibaki kizuizini hadi mwaka 1970. Muda wa Neogy gerezani, usiotimiza nusu mwaka, unaweza kuonekana mfupi ukilinganishwa na ule wa wafungwa wengi wa kisiasa wa bara hili, na sehemu ya muda huo alifungiwa peke yake. Waliomfahamu kabla na baada wamesimulia kwamba mtu aliyetoka hakuwa yule aliyeingia. Aliyekuwa akicheka kwa sauti na kukesha akibishana alikuwa amezimika.

Aliondoka Uganda. Hakurudi kuishi huko tena.

Accra, kisha San Francisco

Mwaka 1971 Transition ilianza upya Accra, ikiwa na namba 38. Neogy angeweza kuanza na namba 1, kama wafanyavyo wengi wanaohama. Kuendeleza hesabu kulikuwa namna ya kusema kwamba lile la Kampala halikufa, lilisimamishwa tu.

Mwaka huohuo, mwezi Januari, Idi Amin alikuwa amempindua Obote. Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Wahindi wana siku 90 za kuondoka Uganda. Maelfu kwa maelfu walipanga foleni katika ofisi za ubalozi, wakapita vizuizi vya askari kwenye barabara ya Entebbe, wakapanda ndege na kiasi kidogo mno cha fedha na mizigo. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, India na kwingineko. Nyumba zao ziligawiwa wengine na yote yaliyokuwamo ndani. Mtu anaweza kujiuliza ni nakala ngapi za Transition zilizoachwa kwenye kabati za Kololo na Old Kampala siku hizo, zikaishia kufungia karanga sokoni. Kwa Neogy, aliyekuwa tayari Ghana, tangazo hilo lilimaanisha kwamba hata kama Obote asingemfunga, mji wake ungemtapika baada ya miaka minne.

Ghana nayo haikuwa na utulivu. Januari 1972 jeshi lilichukua madaraka huko. Fedha zilikuwa ngumu, na Neogy mwenyewe hakuwa na nguvu za zamani. Baada ya muda alimkabidhi uhariri Wole Soyinka, aliyekuwa uhamishoni baada ya yeye pia kufungwa na serikali yake wakati wa vita vya Biafra. Soyinka, ambaye katika miaka hiyo alikuwa akipendekeza hadharani Kiswahili kiwe lugha ya bara zima, alilielekeza jarida katika vita dhidi ya madikteta, Amin akiwa wa kwanza, na kulibadili jina likawa Ch'indaba. Mwaka 1976 lilisimama. Mfululizo ulikuwa umefika takriban matoleo 50.

Neogy alihamia Marekani na kuishi San Francisco. Huko hakuanzisha jarida jingine. Wengi waliosoma Transition wakiwa wanafunzi Makerere, Legon au Ibadan walikuwa sasa maprofesa na waandishi wenye tuzo; mhariri wao aliishi kimya katika mji ambao wachache walijua aliwahi kuwa nani. Wakimbizi na wahamiaji wa Afrika Mashariki wanaijua hali hiyo: kuwa mtu fulani nyumbani, na kuwa jina gumu kutamka ugenini.

Toleo namba 51

Mwaka 1991 Transition ilirudi tena, safari hii Marekani. Henry Louis Gates, ambaye akiwa mwanafunzi Cambridge alifundishwa na Soyinka, alilifufua akishirikiana na mwanafalsafa Kwame Anthony Appiah, mtoto wa Ghana. Nao waliendeleza hesabu: toleo lao la kwanza lilipewa namba 51. Jarida lingalipo, likichapishwa chini ya Chuo Kikuu cha Harvard.

Neogy aliishi kuliona hilo. Alifariki San Francisco Desemba 1995.

Leo matoleo yote ya Kampala yamewekwa katika hifadhi za kidijitali ambazo wanafunzi wa vyuo vikuu huzifungua kwa simu. Kwa mtafiti hilo linatosha. Mkusanyaji ana sababu zake za kuendelea kutafuta karatasi yenyewe. Katika hifadhi ya kidijitali makala hutolewa moja moja, ikiwa imetengwa na jirani zake. Katika nakala halisi barua ya mwalimu wa kijijini iko mgongoni mwa shairi la Okigbo, na pembeni yake tangazo la bidhaa au kampuni ya miaka ile. Wauzaji wa vitabu vya kale wa London na Marekani huziorodhesha nakala hizo mara kwa mara. Kampala yenyewe, ambako leo mtaa wa Nasser umejaa mashine za uchapishaji kutoka mwanzo hadi mwisho, maktaba za vyuo ndizo mahali pa kuanzia.

Atakayebahatika kupata toleo la 37 atakuta jarida la kawaida kabisa. Halina utepe mweusi wala tangazo la kuaga. Barua ya Mayanja imewekwa mahali pake pa kawaida, kati ya barua nyingine.